Zaire Iko Mukono wa Kushoto

Juzi, ndugu yangu, mutoto wangu wa kike alirudi na karatasi ya shule, akaitandika ku meza kati ya sahani za maharage. Karte ya Afrika yote, bila jina hata moja. Mipaka tu, kama nyufa za ukuta. Akasema kesho mwalimu atawaita mumoja mumoja mbele ya tablo, ule ubao wa klasi, kila mutu aonyeshe inchi anazoulizwa. Alisema vile huku anatafuna, hana wasiwasi. Mi ndiye nilisukuma sahani pembeni. Mama muzima, naogopa, kwa sababu nilikumbuka siku yangu.

Wakati ule tulikuwa tunakaa hapahapa mutaa wa Buyenzi, mu nyumba ya bibi, nyuma ya garaji. Adhana ndiyo ilikuwa inatuamsha, halafu chai ya tangawizi, halafu nyundo. Mafundi waligonga mabati ya magari mpaka jua linazama, na harufu ya mafuta ya gari iliingia mpaka mu unga. Baba alikuwa shofa wa kamyo, anapeleka mizigo. Mwezi huu iko Tanzania, mwezi unaokuja iko Zambia, na simu hatukuwa nayo. Ukitaka kujua kama ni muzima, ungoje honi yake ku kona.

Basi bibi alikuwa na desturi yake. Tukimaliza kusali magharibi, alitukataza kunyanyuka ku mukeka. Tukiwa bado tunaangalia kibla, alikuwa ananyoosha mukono, anamuombea baba inchi kwa inchi. Mbele Rwanda, halafu Uganda, halafu Sudan, mpaka Misri. Kulia Tanzania. Kushoto, kule jua limetoka kuzama ku milima ya ng'ambo ya ziwa, Zaire. Mugongoni Zambia. Hapo ku Zambia sauti yake ilikuwa inashuka. "Mola, akiwa mugongoni petu sisi hatumuoni, we unamuona." Sisi watoto tunaitika amina, na jikoni ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zinakaukia mu sufuria. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini nilipofika mwaka wa tano, mi nilikuwa najua Afrika mu mwili, kama vile unajua mulango wa nyumba yenu mu giza.

Bibi alikuwa na sheria ingine, na hiyo ilikuwa kali. Robe ya kaki ya shule mu nyumba ilikuwa moja, wasichana tuko wawili. "Mwenye kudubla anavua, mwenzake anavaa." Kudubla ni kurudia mwaka. Na mwenye kuvua anakaa ku imbabura, lile jiko la makaa, anachoma vitumbua vya kuuza. Kila asubuhi nikifunga vifungo, mudogo wangu alikuwa anasimama ku mulango ananiangalia. Anaangalia tu vifungo.

Mwalimu wetu alikuwa mwanaume mufupi, saa yake kubwa kuliko mukono. Alituambia mwenye kushindwa karte haendi mwaka wa sita. Wiki nzima nilikuwa narudia inchi nikiosha vyombo, nikichota maji, na kila mara kichwani nilikuwa ku mukeka wa bibi, naangalia kibla.

Sasa sikia. Mu klasi yetu tablo ilikuwa ku ukuta wa kusini. Ukiiangalia, kibla umeipa mugongo. Mwaka muzima jambo hilo halikunisumbua, sababu hesabu na kusoma havina upande. Siku ile mwalimu akatundika karte, akaniita, akanipa fimbo. Akasema nionyeshe Zaire.

Mwili wangu uliniambia Zaire ni kule jua linazama. Nikatupa macho ku dirisha la mukono wa kulia, nikaona milima ileile, buluu. Nikaweka fimbo kulia. Klasi ikacheka. Mwalimu akasema Zambia. Zambia ni mugongoni ukiangalia kibla, sasa kibla iko nyuma yangu, kwa hiyo Zambia iko mbele. Nikaiweka juu kabisa, karibu na bahari ya Misri. Musichana mumoja wa benchi ya nyuma akasema, taratibu lakini watu wote walisikia, "Kamyo ya baba yake inatembea kinyumenyume."

Mwalimu akauliza kama namuchezea. Nikasema apana mwalimu. Akasema mara ya mwisho, Zaire iko wapi. Hapo nilifanya kitu ambacho mutoto wa kwetu hafanyi. Niligeuka, nikampa mugongo yeye na karte yake, nikaelekea kibla, nikanyoosha mukono wa kushoto. "Zaire iko huku."

Na mukono ulikuwa unaonyesha ile milima, sawasawa. Ilikuwa kweli, ndugu yangu. Lakini hakuna aliyeangalia mukono. Waliangalia mugongo.

Nikadubla. Bibi hakunigombeza, alinyoosha mukono tu apewe robe. Vifungo nilifungua mwenyewe. Mudogo wangu aliipokea macho yakiwa chini. Na bibi sikumwambia kitu, mpaka Mungu alipomuchukua sikumwambia, kwamba ni dua yake iliyonipoteza. Niliogopa ataacha kuomba vile, na baba alikuwa bado iko mu njia. Shule niliimaliza mu masomo ya jioni, tayari nikiwa na watoto watatu. Huko, alhamdulillah, karte walikuwa wanaiweka ku meza.

Ndiyo maana juzi nilimutoa mutoto ku chakula, nikamukalisha ku mukeka, nikamugeuzia karatasi. Kibla huku, Rwanda mbele, Zaire kushoto. Akasema, "Congo, mama." Nikapeleka karatasi ku kuta zote nne za nyumba, kila ukuta namuuliza upya. Ku ukuta wa tatu alianza kunicheka.

Asubuhi nikamusindikiza. Niliomba kuchungulia klasi. Tablo ilikuwa ku ukuta wa kusini. Nikamushika ku mulango, nikamwambia angalia vizuri, humu kulia na kushoto vimegeuka. Akanitoa mukono polepole, kama vile unamutoa mugonjwa.

"Mama, karte ni karte. Mi siko nasali mbele yake."

Akaingia. Saa sita akarudi na inchi zote, amekosa kisiwa kimoja tu. Alinipa habari hiyo kama mutu anayeomba chumvi.

Nilishukuru, sijui nikuambie namna gani. Nyumba ya bibi leo ni duka la vipuri, na pale ku mukeka wamepanga mashini za gari. Baba alirudi kila safari, akafia mu kitanda chake, kama vile bibi alikuwa anaomba. Hata Zaire yenyewe ku karatasi ya mutoto haiko, na Sudan ni mbili.

Jioni ile, tulipomaliza magharibi, nilimuomba mutoto abaki kidogo ku mukeka. Akasema ana devuari ya hesabu ya kufanyia nyumbani, akanyanyuka. Nikabaki peke yangu. Nikanyoosha mukono wa kulia, nikasema Tanzania. Nikanyoosha wa kushoto, nikasema Zaire. Mungu anajua ni inchi gani nasema.