Hakuna ya Sifuri

Dada yangu alirudishwa kwetu Koboko na begi lake kwa sababu ya matangazo ya simu. Alikuwa amesoma kwenye tovuti yetu makala kuhusu wanawake wanaochelewa kupata mtoto. Tangu hapo simu yake haikupumua: dawa za kushika mimba, kliniki za uzazi. Mama mkwe wake akaiona, akawatangazia majirani zake huko Lurujo kwamba mkwe ni tasa na alikuwa anaficha.

Nasema tovuti yetu kwa sababu mimi ni mmoja wa waandishi wa programu yake, ofisini Arua. Mhariri alikuwa amekataza kampuni za matangazo kumchunguza msomaji. Katazo hilo huandikwa kwa namba, hutumwa pamoja na ridhaa ya msomaji, na programu huzisoma namba hizo moja moja. Moja maana yake msomaji akubali kwanza. Sifuri ni marufuku, hata akikubali.

Nikafungua kazi ya mwenzangu aliyeandika sehemu hiyo. Aliandika: ukikuta sifuri, ruka. Nikamuuliza kwa nini.

"Dada, sifuri iko hakuna," akanijibu, anatafuna chapati. "Hakuna kitu, unaruka."

Mjinga we! Kwetu kuna hakuna mbili. Hakuna sukari: imeisha. Hakuna kuingia: ukiingia utakiona. Yeye alichukua ile ya sukari, kampuni zikaachiwa njia, dada yangu akafukuzwa.

"Rekebisha tu kimya kimya, mhariri asijue," akasema.

Kimya kimya! Kwani dada yangu alifukuzwa kimya kimya? Nilirekebisha, ndiyo, kisha nikaumulika mstari wake ukutani mbele ya mhariri na ofisi nzima, nikamwambia mwenzangu atusomee kwa sauti. Jasho lilimtoka. Nilifurahi, sifichi, na bado sikushiba. Nikamwomba mhariri amtume Lurujo akaseme hayo hayo mbele ya majirani wale wale. Mhariri akakubali.

Tulienda na mwenzangu huyo, mimi na dada. Alisimama uani kwa mama mkwe, akaeleza kwamba yeyote aliyesoma makala ile angeletewa matangazo yale, hata mzee wa miaka themanini, na kosa ni lake yeye. Majirani wakacheka. Mama mkwe akavuta kitenge chake, akamgeukia dada yangu.

"Basi mwanangu, yameisha. Utarudi?"

"Hakuna," dada akasema.

"Hakuna shida?"

"Hakuna kurudi."