Msumari kwenye Nguzo ya Zizi

Likizo ile ya Juni nyumba yetu ya kijijini Kilema ilinuka vitu viwili: samadi, kama siku zote, na plastiki ya waya mpya. Umeme ulikuwa umetufikia, na baba, ambaye hakumwamini fundi yeyote, alivuta waya mwenyewe kutoka sebuleni hadi zizini ili mama akamue penye taa. Mimi, Rozi, nilikuwa kidato cha pili na najiona mjuzi, nikapewa nyundo na msumari niubane waya kwenye nguzo. Nguzo hiyohiyo ndiyo iliyoshikilia hori la maji, nusu ya pipa la chuma.

Haikupita wiki ng'ombe akakataa kunywa. Alikuwa akifikisha mdomo horini anaruka nyuma, anatetemeka, na maziwa yakapungua hadi yakawa ya chai tu. Bibi hakujisumbua kutafuta sababu. Alikumbuka kwamba Mama Sesilia, jirani yetu, alipotuletea majani Jumapili alisimama akamsifu yule ng'ombe kwa sauti, bila kumtaja Mungu. Basi, ikawa ndiyo hiyo: jicho la husuda. Kila alichowahi kufanya kikachimbuliwa: kwa nini hupita kwetu jioni, kwa nini hutazama sana. Baba akakiziba kwa miiba kinjia cha kwenda kwao, na mama, rafiki yake tangu usichana, akaacha kumsalimu kanisani. Nami niliamini. Nilikuwa namwamkia shikamoo huku nimegeuza uso, na leo naona haya kulisema.

Mchana mmoja, nikirudia madaftari, nikafika kwenye atomi. Kiini kiko katikati, elektroni zinakizunguka. Katika chuma zile za nje hazishikwi sana, zikisukumwa huhama kutoka atomi hadi atomi, na huko kuhama ndiko umeme. Katika mpira zimeshikwa, haziendi popote. Nikatazama mlangoni. Mabuti ya mpira ya mama yalikuwa pale, yale anayovaa akienda kukamua. Ng'ombe hana mabuti. Anasimama kwenye matope, mdomo kwenye chuma. Na nilijua ni nani aliyepiga ule msumari.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili nikitumaini bibi atasahau. Badala yake akaanza kusema ukoo uitwe, Mama Sesilia akabiliwe mbele ya watu. Ndipo nikazima swichi kubwa na kumpelekea ng'ombe maji. Alikunywa hori zima. Nikamwita baba, nikamwonyesha msumari ulivyotoboa plastiki ya waya na kugusa chuma cha hori. Hakunichapa. Alikaa chini palepale zizini.

Kesho yake alikata jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, akalifunga fundo akampelekea Mama Sesilia kuomba msamaha. Kwetu isale halikataliwi. Alilipokea kwa mikono miwili, kisha akasema taratibu, "Baba Rozi, nimelipokea. Lakini mimi mmenijua miaka yote hii, na huo waya mlikuwa nao wiki moja."

Siku hizi nafundisha fizikia mjini na naishi mtaa wa Soweto. Uniti za umeme zikiisha mapema, najua pa kuangalia: friji lililochakaa, pasi iliyosahauliwa, waya uliochubuka. Nawafundisha wanafunzi wangu waanzie hapo. Lakini mimi mwenyewe, kabla sijainuka kwenye kiti, huwa nimeshamshuku mpangaji wa chumba cha uani.