Mtetemo katika Pikapu ya Afande Mkuu

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, mlinzi wa lango la karakana alinielekeza kwenye jengo la makarani. Nikamwambia nimekuja kwenye magari. Akanitazama, akatazama viatu vyangu, akaniruhusu nipite huku akicheka.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Kampala. Baba alikuwa sajenti, na Kiswahili ndicho tulichochezea, tulichogombania na tulichoombea dua zetu fupi kabla ya kulala. Kwa hiyo sikuogopa sare wala sauti kubwa. Nilimwogopa mtu mmoja tu asubuhi ile, Mkuu wa Karakana, Inspekta mrefu kutoka Arua ambaye ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Hakuniuliza msichana anataka nini kwenye grisi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye lori lililokuwa linanguruma.

"Jina?"

"Zubeda, Afande."

"Zubeda, weka mkono hapa juu ya injini. Unasikia nini?"

"Kelele, Afande."

"Kelele unaisikia kwa masikio. Mimi nimeuliza mkono."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ninyi mnaoingia gereji leo na kompyuta ya kusoma hitilafu mnaweza kucheka, lakini magari yale hayakuwa na waya wa kuchomeka kompyuta. Kiganja kilianzia juu ya kifuniko cha valvu, kikashuka kwenye maunti, yaani zile raba zinazokalia injini ili isigonge fremu, kisha kikaishia kwenye fremu yenyewe. Ukisikia mtetemo mkali juu na mdogo chini, raba ni nzima na ugonjwa uko ndani ya injini. Ukiusikia sawasawa kotekote, raba zimekufa. Afande Mkuu alikuwa na kiganja cha ajabu. Aliweza kugusa injini ya lori huku akizungumza na dereva habari za mpira, kisha akasema, "Nozeli ya tatu," akaondoka. Tukifungua, ni nozeli ya tatu, kile kidude kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda.

Kutoka kwake nilipelekwa Port Bell kwenye boti za doria. Huko Msimamizi wa Mitambo alikuwa mtu mpole asiyekubali neno "labda". Nikimwambia, "Labda ni pampu," ananijibu, "Ziwani hakuna pembeni pa kuegesha. Rudi ukahakikishe." Baadaye nikahamishiwa Wandegeya, magari ya doria, chini ya OC, mkuu wa kituo, aliyekuwa kinyume chake kabisa. "Fundi, mimi nataka gari. Sitaki hadithi." Pale nilijifunza kusimama mbele ya mkubwa mwenye haraka na kusema gari halitoki. Alifoka sana, na gari halikutoka. Nilikaa Wandegeya hadi nikastaafu.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ilikuja baada ya kustaafu.

Afande Mkuu alikuwa amestaafu zamani kuliko mimi. Aliishi Luzira na mkewe, Mama Candiru, na siku zote alisema hatazeekea Kampala. Mwaka huu akatimiza neno lake. Alinunua pikapu ya dizeli, iliyotumika lakini safi, ili wahamie kwao Arua, walime, na mama apate usafiri wa kwenda kanisani. Akanipigia simu nije kuiona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto.

Nilifika nikakuta mizigo imeshaanza kufungwa. Magodoro yameviringishwa, masufuria yamo kwenye makarai. Safari ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Afande akaiwasha pikapu, akakunja mikono kifuani akisubiri nimsifu.

Nikapanda, nikakaa kwenye usukani. Kiti kilikuwa kinatetemeka. Haikuwa ile mishtuko ya dizeli iliyozoeleka. Ilikuwa mitetemo myembamba ya haraka, kama nyuki wamefungiwa chini ya sakafu. Nikakanyaga mafuta kidogo, ikazidi. Gari lilikuwa limesimama, gia haijaingia, kwa hiyo haikuwa magurudumu wala propela, ile nondo ndefu inayopeleka nguvu nyuma.

"Afande, inatetemeka."

"Dizeli isiyotetemeka ni friji," akasema.

Mama Candiru alikuwa amesimama mlangoni. "Mwambie, Zubeda. Mimi nilipelekwa sokoni na hiyo gari, nikarudi meno yote yananiuma. Nikasema, nikaambiwa mimi sijui magari."

"Na kweli hujui," Afande akajibu, si kwa ukali. Akafungua boneti. "Niliikagua mwenyewe kabla ya kuinunua. Njoo uone."

Akaweka mkono juu ya injini kama alivyoweka mbele yangu maelfu ya mara. Akafumba macho. "Laini," akasema. "Laini kabisa. Sikia."

Nikaweka wangu kando ya wake. Kifuniko kilikuwa kinatikisika kiasi cha kuniwasha vidole. Nikamtazama usoni kujua kama ananitania. Hakuwa anatania. Kisha nikaona ukingo wa kiganja chake umeteleza, umeegemea bomba la moshi pale linapotokea kwenye injini, mahali ambapo mtu hawezi kuegemea hata kwa kufumba na kufumbua. Hakushtuka. Alikuwa bado amefumba macho, akisikiliza.

Nilimvuta mkono kwa nguvu. Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja.

Mama Candiru alipiga yowe, akakimbilia maji. Afande aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Nilijua ana sukari, kila mtu alijua. Nilijua miguu yake ilishaanza kufa ganzi. Habari ya mikono hakuwa amemwambia mtu, nadhani hata nafsi yake.

Tulimwosha, tukamfunga kitambaa safi, tukampeleka zahanati. Tuliporudi alikaa kwenye stuli barazani. Kisha akasema, "Jumamosi tunaondoka kama tulivyopanga."

"Afande, gari hili halitoki."

"Nani amesema?"

"Mimi." Nilikuwa nimeshauchomoa ufunguo, uko mfukoni mwangu. "Halitoki mpaka nijue kinachotetemeka."

Tangu siku ile ya kwanza karakanani sikuwahi kumkatalia neno. Alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa yakiwafanya makonstebo wafunge vifungo.

"Hiyo ni amri, Zubeda?"

"Ndiyo, Afande."

Mama Candiru akainamisha kichwa, akajifanya anapanga masufuria. Nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Halafu Afande akasogeza stuli yake karibu na pikapu. "Haya. Anza na raba. Hatukisii."

Tukaanza. Maunti mbili zilikuwa zimepasuka, nikaenda Nakivubo kutafuta mpya, nikazifunga. Mtetemo ukapungua kwenye fremu lakini juu ya injini ukabaki vilevile. Jirani, fundi kijana mwenye gereji ya barabarani, alikuja kusikiliza, akashauri kwa heshima tu kwamba injini itolewe nzima, ifungwe nyingine. "Mama, hii utahangaika nayo bure," akaniambia. Wengi wangefanya hivyo. Lakini kubadilisha kitu usichokijua si kutengeneza, na injini ya pili ingekuja na siri zake.

Nikalegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Ukilegeza moja, silinda ile inakosa mafuta, na injini yenye afya inachechemea palepale. Ukilegeza na usione tofauti, basi silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo, na umempata mwizi.

"Ya kwanza?" Afande akauliza kutoka kwenye stuli.

"Imechechemea."

"Ya pili?"

"Imechechemea. Zote nne sawa, Afande."

"Basi moto wa ndani ya silinda si tatizo. Ondoa vinavyozunguka nje."

Nikavua mikanda ya feni na ya jenereta, nikaiwasha injini peke yake kwa muda mfupi. Nyuki walikuwa palepale. Nikakanyaga klachi kuona kama mtetemo utabadilika. Haukubadilika. Nikakagua puli kubwa ya mbele, ile yenye pete ya raba katikati, nikaiona nzima. Jua lilikuwa limenipiga mgongoni siku ya pili mfululizo, magoti yananiuma, na magodoro yalikuwa bado yameviringishwa barazani yakinitazama. Mama Candiru aliniletea chai na mihogo, akaninong'oneza, "Mwanangu, kama haiwezekani, sema tu. Tutapanda basi."

"Inawezekana, Mama."

Afande alikuwa akiutazama mkono wake uliofungwa. "Mtetemo wenyewe ukoje?" akauliza. "Niambie vizuri. Mimi siwezi kuusikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema waziwazi. Nikaacha spana, nikaweka kiganja juu ya injini, nikamweleza polepole kama mtu anayemsomea mwenzake. Nikamwambia ni mwembamba. Una haraka kuliko pigo la pistoni, kama maradufu yake. Haukatiki. Unapanda pamoja na mwendo wa injini.

"Maradufu," akarudia. "Nini humo ndani kinazunguka maradufu ya krenki?"

Tukatazamana. Tulisema pamoja, "Mihimili ya kusawazisha."

Hiyo ni mihimili miwili mizito upande mmoja. Waliotengeneza injini waliiweka makusudi, izunguke mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na uzito wake uyatulize mapigo ya pistoni. Inazungushwa na mkanda mdogo uliojificha nyuma ya mkanda mkubwa wa taimingi, ule unaoendesha valvu. Ikifungwa sawa, hutajua kama ipo. Mhimili mmoja ukifungwa umegeuka nusu mzunguko, badala ya kutuliza unaongeza. Na ubaya wake, alama ya nje inaweza kukaa sawasawa huku uzito wa ndani uko upande usio wake. Ndiyo maana kuna tundu ubavuni mwa injini lenye kifuniko cha skrubu. Unapitisha bisibisi ndefu. Ikizama yote, mhimili umekaa vizuri. Ikigonga njiani, umekosewa.

Nikaiweka injini kwenye alama, nikafungua kifuniko, nikapitisha bisibisi.

Ikagonga njiani.

Nilivua kava ya mbele. Ule mkanda mdogo ulikuwa umechanika ukingo mzima, nyuzi zimening'inia kama ndevu. Aliyewahi kuufungua alifuata alama ya nje, akafunga, akaenda zake, na mtetemo ukaanza kuutafuna. Nilimpelekea Afande stulini. Akausogeza karibu na macho, maana vidole havikuweza tena kumwambia kitu.

Hakuhitaji maelezo. Mkanda huu ukikatika, vipande vinanaswa na mkanda mkubwa, mkanda mkubwa unaruka, valvu zinagongana na pistoni, na injini inakufa papo hapo, gari likiwa kwenye mwendo, mizigo nyuma, malori yakija kwa kasi.

"Tungefika wapi?" Mama Candiru akauliza.

Afande akajibu kabla yangu. "Pengine Luweero. Kama si hapo, Karuma." Kisha akamgeukia. "Ulisema inatetemeka. Ulisema kweli."

Mama Candiru akamsogelea. Alimshika ule mkono mzima, akakaa naye pale.

Nilinunua mikanda yote miwili mipya, nikaufunga mhimili nikiwa na bisibisi tunduni mpaka mwisho ili usihame. Nilipowasha, nyuki hawakuwepo tena. Yule fundi jirani alikuja mbio kutoka kwenye gereji yake akidhani nimefunga injini nyingine. Nikamwonyesha lile tundu ubavuni, akaomba nimfundishe tangu mwanzo. Nilimfundisha.

Nilimpa Afande ufunguo wake. Akaushika, akautazama, akanirudishia.

"Miguu nayo haisikii pedali vizuri," akasema. "Nimekuwa nikiangalia chini nijue niko kwenye breki. Utatupeleka?"

Wajukuu wangu huniuliza niliambulia nini kwa miaka yote ile ya grisi. Pensheni ni ndogo na mgongo ni mbovu. Ninachowaambia ni kwamba nilijifunza kuendelea kuuliza baada ya watu wengine kutosheka na jibu, na nilijifunza kutoka kwa watu walionisimamia vikali bila kunidharau. Kiganja changu nacho siku moja kitanyamaza. Nimeshaanza kuwaambia wanangu wakiona nimekosea waninyang'anye ufunguo.

Tuliondoka Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Mizigo nyuma, sisi watatu mbele, Afande dirishani. Njia nzima hadi Karuma alinisahihisha gia. Tulipovuka daraja akanyamaza, na kabla ya kufika Pakwach kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo.

Mama Candiru akamtazama kwa muda mrefu. "Tangu anioe," akaniambia kwa sauti ya chini, "sijawahi kumwona huyu mtu amelala ndani ya gari. Siku zote anasikiliza injini."

Mbele kulikuwa na matuta ya barabarani. Nikashusha gia, nikayapanda polepole, asije akaamka.