Converter mbili zilizoungua Kericho, na mguu wa baba yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza kwa nini SUV yake kubwa ya automatic inapanda mlima vizuri asubuhi, halafu ikishapata moto injini inanguruma tu na gari haliendi. Nilianza kumjibu mistari miwili, nikajikuta naandika habari za baba yangu. Nikaona heri nifungue uzi. Nitasema mambo kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa gereji kwenye shamba moja kubwa la majani chai upande wa Kericho, jina lake tuliache. Nilikuwa nimeoa, nina mtoto mmoja, tunakaa nyumba ya kampuni. Baba alikuwa dereva wa meneja kwenye shamba hilo hilo. Kwetu ni Boito, lakini mzee alikuwa amezoea shamba mpaka likizo ikiisha unamwona anafurahi.

Enzi hizo, wakuu. Mvua ilikuwa inajua saa. Saa nane mchana inashuka, saa kumi imeisha, na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani inakufuata mpaka ndani ya nyumba. Hadi leo nikipita huko nashusha kioo ili niinuse. Naumiss sana wakati ule, na sioni haya kusema.

Turudi kwa mzee. Watu walimwita Mzee Balansi.

Nyinyi mlioanza na automatic hamwezi kuelewa jina hilo. Zamani kwetu dereva alipimwa mlimani. Unasimamisha gari katikati ya mlima, unalishikilia kwa klachi nusu na mafuta kidogo, bila breki, bila handbrake, na lisirudi nyuma hata inchi moja. Hiyo ndiyo balansi. Baba unamwekea kiberiti nyuma ya tairi, anakaa hapo anapiga stori na watu, na kiberiti kinabaki kizima. Madereva wa lori za majani walikuwa wanasimama kumtazama. Kwake handbrake ilikuwa ya wanafunzi.

Hapa niseme ukweli. Gari la zamani la meneja tulikuwa tunalibadilishia klachi karibu kila mwaka, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulisema ni milima.

Kisha likaja gari jipya. Kubwa, V8 ya petroli, viti vya ngozi, na automatic ya kwanza pale shambani. Jamaa aliyelileta kutoka Nairobi alimfundisha baba kwa muda wa kunywa kikombe cha chai: hapa ni P ya kuegesha, hapa ni D ya kwenda, mguu wa kushoto uache upumzike. Siku hiyo hiyo mzee akaondoka nalo.

Siku moja meneja alimruhusu amchukue mama kutoka Litein. Mama alikaa kiti cha nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili, anasalimia watu kwa kichwa kama mgeni rasmi. Tulimtania kwa hilo miaka na miaka.

Miezi mitatu hivi baadaye, ugonjwa ukaanza. Ule ule wa mwenzetu wa juzi. Likiwa baridi ni tamu, likipata moto linanguruma na haliendi. Nikavuta dipstick ya gearbox. Mafuta yanayotakiwa kuwa mekundu yalikuwa meusi, yananuka ugali ulioungua. Nikashusha gearbox. Converter, lile dude la mafuta linalounganisha injini na gearbox, ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto, seal ya kuzuia mafuta imekauka.

Kericho town kulikuwa na mzee mmoja Mkikuyu wa spea ambaye hakuwahi kusema hana kitu. Kama hana, anakwambia rudi kesho. Akaniletea converter kwa basi kutoka Nairobi, imefungwa kwa gunia. Nikafunga, nikasafisha cooler ya kupoza mafuta, nikaweka mafuta mapya. Gari likarudi kama jipya.

Wiki sita tu. Ikaungua tena.

Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini yeye pia alikuwa na wakubwa wake. Aliniita akaniambia ataagiza converter moja zaidi, na hiyo nayo ikiungua, atatafuta fundi mwingine na mimi nirudishe funguo za nyumba. Mke wangu alikuwa na mimba ya pili.

Nilipofunga ile ya tatu, nikamwomba baba nipande naye kidogo, nisikilize gearbox.

Kutoka kiwandani kwenda barabara kuu kulikuwa na mlima, na juu yake geti. Soja wa geti alikuwa anaandika kila gari kwenye kitabu, polepole kabisa, na mbele yetu kulikuwa na trekta tatu za majani. Baba akasimama mlimani. Nikahisi gari linatetemeka kidogo. Nikatazama chini.

Gia iko D. Mguu wa kulia uko kwenye mafuta. Breki haijaguswa.

Alikaa hivyo dakika tano, sita, ameshusha kioo, anamuuliza soja habari za ng'ombe wake. Gari halikusogea mbele wala nyuma. Kisha akanigeukia akitabasamu.

"Umeona? Hata hii ya kisasa inakubali balansi."

Kwa wasiojua: ndani ya converter hakuna klachi ya kushikilia hivyo. Ni mafuta. Injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma gearbox. Ukilizuia gari mlimani kwa accelerator, mafuta yanakorogwa bila kwenda popote, na nguvu yote inageuka joto. Fanya hivyo kila siku, mara nne, V8 nzima. Lazima kitu kiungue.

Nilijua pale pale. Lakini kwetu hukurupuki kumwambia baba yako kwamba hajui kazi, tena kazi iliyompa jina.

Jioni nikamwita gereji. Nikamwonyesha ile converter ya bluu, nikaanza kuzungukazunguka na maneno, kwamba hizi gari za siku hizi zimetengenezwa vibaya, mlimani zinataka breki, la sivyo mafuta yanakorogwa ndani mpaka yaungue. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata pale kwa geti?"

Nikasema hata pale.

"Zote mbili?"

Nikainama kuokota spana. Mzee akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu, akaenda.

Asubuhi meneja akaniita ofisini. Makao makuu wanataka ile ripoti ya maandishi iliyokuwa inasemwa wiki nzima, converter mbili zimeunguaje. Akanisukumia karatasi. Nilikuwa nimeshaamua. Nitaandika kwamba nilifunga vibaya, seal haikuwa sawa, kosa ni langu. Nyumba iende. Jina la baba sitaandika.

Nimeshika kalamu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa baba, kofia mkononi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, sikuwahi kumwona akiingia ofisi ile bila kuitwa.

"Mkubwa, hii kijana asiandike kitu. Kazi yake iko sawa. Ni mguu yangu ndio imechoma hiyo kitu."

Meneja akamuuliza imechomaje. Baba akaeleza yote, mlima, geti, mafuta yanayokorogwa, maneno yangu ya jana moja baada ya lingine. Alipomaliza akaweka funguo za gari mezani mwenyewe.

Hawakumfukuza. Walimpa trekta ya kuvuta majani, akaendesha hiyo mpaka alipostaafu. Mimi nilibaki na kazi na nyumba, na ile converter ya tatu haikuungua mpaka gari likauzwa. Mara nyingi nilimwona akipita nje ya gereji saa ya mvua, gunia mabegani, halafu lile gari kubwa linampita na dereva mpya. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa ndani ya injini yoyote iliyokuwa karibu.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: nusa mafuta ya gearbox, angalia cooler, lakini kabla hujanunua converter, panda na mtu anayeendesha hilo gari, umwangalie miguu. Mlimani ni breki.

Miaka mingi nilidhani mzee alikiri kwa sababu tu alikuwa mtu mkweli. Tulipomzika, mama ndiye aliyeniambia. Jioni ile aliporudi kutoka gereji hakula. Alimuuliza mama kitu kimoja tu, kama mimi nimeshaandika.

"Alisema ukiandika jina yake kwa karatasi, utazeeka na hiyo karatasi kwa roho. Akasema heri afike kwa ofisi mapema."

Alichelewa kidogo kwa sababu alipita kwanza kunyoa ndevu.

Wakuu, wenye wazee waliokuwa madereva na mafundi enzi hizo, waandikeni hapa chini na majina yao ya utani. Nitasoma yote.