Chungu cha Kutazamia Jua

Kwetu mwanamume huhamia kwao mke, na akishahamia, hasemi na mamamkwe wake. Mwiko. Mimi Halfani nilikaa Lupaso miaka sita, nikamlimia Bi Zena shamba, nikamjengea ghala, na hatukuwahi hata kusalimiana. Akitaka kuni, humwambia binti yake Adija, mke wangu, nami nimekaa hatua tatu tu nasikia kila neno: "Mwambie mumeo kuni zimekwisha." Adija hunigeukia: "Kuni zimekwisha." Nami najifanya ndiyo kwanza napata habari. Wanasema ukipenda boga, upende na ua lake. Ua langu lilikuwa hilo.

Mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji, Ambrosi, mwalimu wa misheni, alileta habari kwamba kitabu cha Wazungu kimetaja siku ya jua kupatwa. Lupaso lingemegwa kipande tu. Huko juu Newala lingefunikwa lote. Wenzetu wakapanga mahali pa kujificha. Bi Zena akapanga safari.

Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa, na la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alipokuwa msichana jua lilipatwa, mama yake akamfungia ndani, akaishia kusikia watu wakitwanga vinu vitupu ili jua lirudi. "Nimeona Wangoni, nimeona Wajerumani," alisema, "na hilo nitaliona kabla sijawa kipofu. Mwambie mumeo."

Ambrosi alionya kwamba jua huunguza macho, sharti litazamwe ndani ya maji. Na Newala maji ni taabu tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo lazima twende nayo. Adija alikuwa na mimba ya miezi saba, Bi Zena haoni njia. Nani abebe chungu? Mwambie mumeo.

Nilitembea siku mbili na chungu kichwani, mwanamume mzima mwenye ndevu. Kila kijiji wanawake walicheka wakashika mbavu. Mzee mmoja akaniuliza kama nanyonyesha pia. Chini ya mlima nilikijaza mtoni, nikaupanda mlima shingo ikiniuma, namlaani mwanamke yule kimoyomoyo.

Tulipofika juu jua lilikwisha kumegwa. Tukakutana na askari wa Mjerumani. Siku hizo serikali ikiona watu na chungu cha maji, inaona vita.

"Dawa hiyo?" akauliza, bunduki mkononi.

Bi Zena akasema kwa Kimakua kwamba ingekuwa dawa kweli, mjinga huyu asingekuwepo hapa kuuliza.

"Mama anasema shikamoo," Adija akatafsiri.

"Marahaba," akajibu kijana yule bila haya, akakipiga chungu teke.

Mchanga wa Newala haukubakiza hata tone. Bi Zena akachutama, akaokota kigae kimoja kimoja, akipapasa kama kuna maji yaliyobaki. Nilimwonea huruma, mimi niliyemlaani njia nzima.

Kisha giza likashuka. Askari akatupa bunduki, akalala kifudifudi. Adija akajifunika kaniki. Na mimi, sikufichi, nilifumba macho.

"Halfani."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Halfani, fumbua macho. Limekuwa jeusi, limeota manyoya meupe pande zote. Umelibebea chungu siku mbili, halafu usilione?"

Nikafumbua, nikaliona. Nikamtazama na yeye, ameinua uso, jicho lake moja wazi kabisa, anacheka.

"Naliona, mama," nikamwambia.

"Limerudi?" askari akauliza kutoka mchangani.

"Bado," mama akamjibu kwa Kiswahili safi. "Endelea kulala."

Jicho lile lilizimika mwaka uleule. Ambrosi alisema jua ndilo lililoliua. Mama akasema lilikuwa linakwenda zake tu, afadhali limepitia Newala. Alisema hivyo kwa Adija, nami nikiwa hatua tatu tu, maana mwiko ulirudi pamoja na mwanga, na jina langu hakulitaja tena. Lakini mgeni akija akauliza jua lile lilikuwaje, yeye humgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo asimulie. Tuliliona sisi wawili."