Nyimbo Niliyoichoma kwa Jiko

Rafiki yangu, nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka. Mimi ni mama ya watoto wanne, nimeokoka, pombe sijaonja tangu nizaliwe, na macho yangu ni mazima. Kwa hivyo usianze kuniuliza kama nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama, birika mkononi, saa nane mchana, hapa Malaba. Watu husema mambo ya namna hii ni ya usiku. Nani aliwaambia?

Wakati huo, ile miaka ya kahawa ya magendo kuvushwa mpaka kwa baiskeli, nilikuwa na hoteli ndogo karibu na reli. Chai, mandazi, maharagwe. Meza tatu tu. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na matanboi wao, wale vijana wa kusaidia dereva, wanangoja karatasi zitoke kwa kastamu. Baba ya watoto alikuwa anafanya kazi ya reli, anakuja mwisho wa mwezi. Jioni nikifunga, nilikuwa naenda masomo ya ngumbaru, tunakaa kwa viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yanagusa kidevu. Huko ndiko nilijua kusoma, nikiwa nimeshapita miaka arobaini. Nasoma pole pole, nafuata maneno na kidole. Hiyo kidole uikumbuke, nitarudi kwake.

Kijana wangu wa kwanza ni Wandera. Alikuwa na miaka ishirini, fundi wa redio, na Jumamosi anapiga gitaa ya umeme na wenzake kwa baa moja ya Busia. Kuna dereva alikuwa amemletea santuri za wazungu wenye nywele ndefu, muziki ya roki, ile gitaa inalia kama msumeno umekutana na msumari. Mimi nilikuwa nasikia makelele. Yeye alikuwa anasikia kitu.

Halafu akaanza kubadilika. Usiku halali. Chakula anasogeza tu kwa sahani. Anaweza kukaa na redio ya mtu imefunguliwa mbele yake, bisibisi mkononi, tangu asubuhi mpaka saa kumi, hajagusa hata waya moja. Siku moja akaniambia, "Mama, kichwa changu hakinipendi." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Oga, halafu twende maombi."

Akatunga nyimbo yake. Akaipiga kwa ile baa, mara moja tu. Mwenye baa akazima umeme katikati. Akamwambia mbele ya watu, "Kijana, hawa wamekuja kucheza. Kilio chako peleka matanga." Wakacheka sana. Wandera alirudi na miguu kutoka Busia mpaka Malaba, gitaa mgongoni, akafika asubuhi miguu imevimba.

Wiki hiyo nikitandika kitanda chake nikapata daftari. Nikaweka kidole kwa neno la kwanza, nikasoma:

*Nina nyumba ndani ya kichwa, haina dirisha,*
*kuna mtu anatembea humo, amevaa viatu vyangu.*
*Mama anapika, harufu inanifikia,*
*lakini njia ya kwenda jikoni imepotea.*

Nikasema, huyu si mtoto wangu, hii ni pepo inashika kalamu. Nikauliza kina mama wa kanisa, wakasema ni hivyo kabisa, choma. Nikachoma. Nilirarua karatasi moja moja nikaingiza kwa jiko, na chai ya siku hiyo ilichemkia juu ya maneno ya mtoto wangu. Gitaa nikaifungia kwa kabati, ufunguo nikafunga kwa leso.

Wandera aliona majivu na jalada la daftari limebaki kidogo. Hakuuliza. Aliniangalia tu, akaingia chumba chake cha nje. Wewe ni mzazi, unajua kuna kunyamaza ya hasira na kuna ile nyingine. Hiyo ilikuwa ile nyingine.

Siku ya tatu ndiyo hii ninakuambia.

Mvua ilikuwa inapiga, ile ya Malaba ya kufanya barabara iwe uji. Wateja wote walikuwa wamekimbilia kwa malori. Mlangoni nilikuwa nimeweka chuma ya kukwangua viatu, na bado kila mtu anaingia na kilo mbili ya matope. Nikafagia, nikageuka kuweka kuni. Nikirudi hivi, kuna mtu kwa meza ya mwisho. Kijana mrefu, mweusi, shati safi nyeupe, na kitu kimefungwa kwa gunia kimeegemea ukuta. Nikasema, "Karibu, mwanangu, pole na mvua." Akasema, "Asante mama. Chai tu."

Nikamimina. Nikapeleka. Na nikiwa njiani, macho yangu yakaanguka chini. Sakafu ilikuwa kavu. Kutoka mlangoni mpaka kwa ile meza, hakuna tope, hakuna tone. Shati yake ilikuwa kavu kama imetoka kwa pasi.

Mandazi yangu siku zote ina nzi. Ni haya kusema lakini ni ukweli. Wakati huo hakukuwa na nzi hata mmoja.

Nikasema kwa sauti, "Damu ya Yesu!"

Niamini, rafiki yangu, nilingoja apotee, kama vile wanatuambia. Yeye aliinamisha kichwa akajibu, "Amina," kama mtu amezoea kanisa.

Akafungua gunia, akatoa gitaa ya zamani, ya nyuzi nne tu. Akashika kikombe changu kwa mikono yote miwili, hakunywa, akakirudisha mezani. Kisha akaimba.

*Nina nyumba ndani ya kichwa, haina dirisha…*

Nyimbo yote. Neno kwa neno, ile niliyochoma mimi mwenyewe kwa mkono wangu! Nani mwingine aliisoma? Hakuna. Lakini kwa ile baa, wakati mwenye baa anazima umeme, labda kulikuwa na mmoja kwa kona, hakucheka. Siwezi kujua.

Alipofika pale kwa njia ya jikoni, akasimama. Akaniangalia. Akarudia. Akasimama tena. Akaniuliza, "Mama, wewe si Mluhya? Mtu akitoa nyimbo, wengine hufanya nini?"

Nikasema, "Wanaitikia."

"Hii iko na pahali pa kuitikia. Yeye aliacha wazi. Hata yangu nilikuwa nimeacha wazi." Akapiga uzi moja ikalia muda mrefu. "Yangu hakuna mtu aliitikia. Mlango wa kijana wako umefungwa na ndani saa hii. Usiende kupiga kelele nje. Itikia."

Nikasema, "Niitikie nini?"

"Kitu mtu anataka kusikia akiwa amepotea."

Akafunga gunia. "Ukimaliza na wako, mama yangu yuko Adungosi. Uliza mama ya Omuse. Mwambie bado nangoja."

Nikainua kile kikombe kutoka mezani, hata sijui kwa nini, ni mazoea ya kazi. Chai niliyomimina ikitoa moshi ilikuwa baridi kama maji ya kisima alfajiri. Baridi ikapanda kwa kidole changu ikakaa. Nikaangusha kikombe. Kikavunjika, nikaangalia chini, nikaangalia juu. Benchi tupu.

Baba Salim, jirani wangu wa duka la nguo na betri za tochi, alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. "Mama Wandera," akasema, "leo unauzia majini chai? Nimekusikia ukiongea na ukuta, kama mtu anayekataa posa."

"Hukuona mtu?"

Akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Nenda nyumbani, dada. Hoteli nitachunga."

Nilikimbia bila viatu, vilibaki kwa matope. Mlango wa Wandera ulikuwa umefungwa na ndani, kweli. Moyo wangu ulitaka nipige hiyo mlango na ngumi, niite majirani, nikemee pepo mpaka Tororo wasikie. Hata mkono nilikuwa nimeinua. Nikaukunja. Nikakaa chini kwa matope, mgongo kwa mlango, nikaimba. Mimi ambaye siimbi hata nyimbo ya redio! Nikaimba ile nyimbo ya roki kama nyimbo ya kanisa, kwa sababu hiyo ndiyo sauti niko nayo. Nilipofika pale kwa jikoni, pahali wazi, nikaitikia:

*Niko hapa. Niko hapa. Fuata harufu, niko hapa.*

Nikasikia mvua tu. Nikaanza tena. Mara ya pili. Mara ya nne nikasikia kitu kimegusa mlango upande ule mwingine, chini, pahali mgongo wangu uko. Alikuwa amekaa kama mimi. Akaimba mstari wake, sauti imekauka. Mimi nikaitikia. Yeye tena, mimi tena. Sijui ni muda gani. Giza ilikuwa inaanza kuingia wakati komeo ilitoka.

Kitu nilichoona ndani ya hicho chumba sitakuambia. Nilikiondoa. Nilimshika mtoto wangu kama siku niliyomzaa. Akaniuliza, "Mama, hayo maneno umetoa wapi? Si ulichoma?" Nikamwambia, "Nilikosa. Nisamehe."

Jumapili hiyo sikuenda kanisa. Nilipanda baiskeli ya kubebwa mpaka Adungosi, nikauliza mama ya Omuse. Watu wakaangaliana. Mwisho nikafikishwa kwa mama mzee wa Kiteso anapura mtama. Nikamwambia kijana alivyokuwa, shati nyeupe, gitaa ya nyuzi nne. Akaacha kupura.

"Huyo ana miaka minne kwa udongo," akasema. "Nani amekutuma kunichezea?"

Omuse alikuwa amejitoa uhai. Na unajua desturi, kwao na kwetu ni moja: mtu kama huyo haliliwi na mtu. Hakuna matanga, hakuna nyimbo, padri haji. Anapelekwa mpakani mwa shamba haraka haraka, na jina lake linafungwa. Yule mama alikuwa hajalia miaka minne. "Alikuwa anakuja na hiyo gitaa ananiambia, mama, kichwa. Mimi namwambia, enda ulime, itaisha. Gitaa tulimzika nayo."

Nikamwambia, "Anasema bado anangoja."

Akanichukua mpaka mpakani. Hakuna alama, ni mkonge tu umeota. Mimi mkristo, nilijua kanisa litasema nini. Nikatoa nyimbo. Yule mama mzee, kwa Kiteso chake, akaitikia: niko hapa. Tukaimba mara tatu. Mara ya tatu hatukuwa wawili. Sauti ilikuwa katikati yetu, chini kidogo, na uzi wa gitaa. Yule mama hakugeuka, hata mimi sikugeuka. Tulipomaliza, yule mama akaanza kulia, ile kilio ya miaka minne, na sauti haikurudi tena.

Kina mama walininyang'anya kitambaa cha kanisa miezi mitatu, ati nimeimbia aliyelaaniwa. Nilikaa nyuma, bila kitambaa, kila Jumapili. Sikukosa hata moja. Mungu ananijua.

Wandera nilimpeleka hospitali, akapewa dawa. Sitakudanganya ati amepona kabisa. Kuna siku bado inakuja. Siku hiyo anaimba mstari wa kwanza tu, popote alipo, na mtu wa nyumbani anaitikia. Hata kitinda mimba wetu anajua. Gitaa nilimrudishia, na ufunguo wa kabati nikatupa kwa choo.

Na ile kidole? Ni hii. Mpaka leo haijapata moto. Nimeishika juu ya jiko, daktari ameipiga sindano, bado ni baridi kama ile chai. Ndiyo ninayofuatia maneno nikisoma, na ndiyo ilipita juu ya maneno ya mtoto wangu bila kusikia kitu.

Kwa hivyo nakuonya, rafiki yangu. Mtoto akikuambia kichwa, usimjibu oga, usimjibu lima. Omba, ndiyo, mimi bado naomba, lakini kwanza itikia. Wale ambao hatukuwaitikia hawaendi mbali. Wanakaa kwa meza ya mwisho, na si kila mama atapata wa kumwambia.

Sasa wewe unajua kusoma. Jirani yako labda hajui. Mkae chini umsomee hii, yeye amwambie mwingine huko Nambale, huyo apeleke Angurai siku ya soko. Na ukifika pale pahali wazi, usipite haraka. Ngoja kidogo. Sikiliza kama kuna mtu hapo nyumbani kwako amenyamaza.