Kuzungusha Jengo Lisiguse Nyumba ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wasanifu majengo pale katikati ya jiji, Mkuu wa Michoro alinikalisha mbele ya kompyuta akaniambia nizungushe ghorofa. Nikabonyeza. Jengo likatoweka kwenye skrini.

"Limeenda Naivasha!" akasema, na ofisi nzima ikacheka. "Msichana, kabla ya kuzungusha, chagua mhimili, ule mstari usiosogea. Ukiuweka mbali, jengo linaruka na kwenda zake. Ukiuweka kwenye kona, linageukia hapo hapo."

Nyinyi vijana wa siku hizi mnaburuta tu na kipanya, ati mmemaliza. Sisi tulichagua mhimili kwanza, kisha tukaandika digrii, na ole wako usahau kwamba digrii zisizo na alama ya kutoa huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Nilipohamishiwa tawi la Spring Valley, mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa jengo likikataa kukaa kwenye kiwanja.

Ndipo ikaja kazi ya ghorofa za kupangisha, kule karibu na Ngong Road. Nikafungua ramani ya kiwanja. Nyumba ya pembeni ilikuwa ya mama yangu, aliyoipanga tangu sijazaliwa. Kona ya jengo ilikuwa imeingia jikoni mwake.

Nikajaribu mhimili wa katikati, wapi! Nikauhamishia kona ya mbali, nikazungusha kidogo kidogo, hadi jengo likatoka kwa mama bila kugusa hata tofali. Nilifurahi nikapiga meza. Nikamwita Mkurugenzi.

"Safi sana, Njeri," akasema. "Hata upepo utapita vizuri."

"Kwa hivyo hii nyumba itabaki, bosi?"

"Nyumba gani? Hii?" Akaigusa kwa kidole. "Hapa umetupatia pa kuegesha magari."

"Ni kwa mama yangu."

Akakiondoa kidole. "Pole sana. Lakini mwenye ardhi ameshaamua."

Haki, nilitamani kuufuta ule mchoro. Ningeufuta, mwingine angeuchora. Nyumba ikabomolewa.

Sasa nimestaafu. Mkiniuliza kazi imenipa nini, sitawadanganya: imenipa uchungu, na hautoki. Mama anaishi nami huku Uthiru. Kila asubuhi huamka akaenda moja kwa moja ukutani, upande ambao katika nyumba yake ya zamani palikuwa na mlango, akapapasa akitafuta komeo.

"Njeri, nani amenifungia?"

"Geuka, Mama," namwambia. "Mlango uko nyuma yako."